WASIWASI UNA MAJINA MENGI: UJUE ULIO WAKO

Lugha yetu ya Kiswahili haina uchoyo inapofika kwenye mambo ya moyo. Mtu anayeogopa nyoka aliye mbele yake twasema ana hofu. Aliyekosa raha kwa jambo asilolijua mwisho wake twasema ana wasiwasi, au wahaka, au jakamoyo. Anayetetemeka kusimama mbele ya wenzake ana haya. Aliyeshtuliwa na jambo kubwa hata akabaki hajielewi, huyo ana kiwewe. Wengi wetu huyapanga maneno haya katika insha ili mwalimu atuongezee alama, halafu tukitoka darasani tunayaacha humo humo daftarini. Yakitupata sisi wenyewe tunasema neno moja tu: "Niko na stresi." Basi, imeisha.

Nia ya makala haya ni kueleza kwamba mambo hayo si kitu kimoja, na kwamba kila moja lina dawa yake. Kumpa mwenye haya dawa ya mwenye hofu ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo. Hatapona, na pia atakata tamaa akidhani ugonjwa wake hauna tiba. Nimeichagua mada hii kwa sababu tangu niingie sekondari nimeona mwenzetu akikosa shule kila siku ya kusoma kwa sauti, mwingine akitafuna muguka usiku kucha ili asiogope mtihani, na mwingine akiitwa mvivu kumbe moyo wake hautulii. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa swali rahisi: "Kwani unaogopa nini hasa?"

KENGELE YA MWILI

Kabla ya kuzitenganisha aina hizi, tuangalie kwanza jambo ambalo zote huanza nalo. Mwaka 1915 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu yanayotokea mwilini kiumbe anapoingiwa na hofu. Alieleza kwamba tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga kemikali iitwayo adrenalini katika damu. Hapo moyo hupiga mbio, pumzi huenda haraka, damu hukimbilia misuli ya mikono na miguu, na tumbo huacha kwanza kazi yake ya kusaga chakula. Maandalizi hayo yote ni ya mambo mawili tu: kupigana au kukimbia.

Mzee aliyekutana na chui katika msitu wa Mlima Kenya zamani zile aliokolewa na maandalizi hayo. Taabu ni kwamba mwili haujui tofauti kati ya chui na karatasi ya Hesabu. Akili ikisema "hatari", mwili unapiga kengele ile ile. Ndiyo sababu asubuhi ya mtihani tumbo husokota, viganja hutoka jasho na foleni ya chooni huwa ndefu ajabu. Hujarogwa, wala wewe si mwoga kuliko wengine. Ni kengele tu inalia.

Lakini kengele haielezi moto uko wapi. Kazi hiyo ni yako. Neno wasiwasi lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Naona waliolichukua neno hili hawakukosea. Wasiwasi hunong'ona, tena hausemi waziwazi. Ukiusikia, uulize: "Unasema nini?" Majibu utakayopata ni ya aina tano, nami nitazieleza moja baada ya nyingine.

1. HOFU YENYE SABABU

Yeyote aliyesafiri kwa matatu kati ya Meru na Embu anajua daraja la Nithi. Ukitoka Chuka kuelekea Meru, barabara inateremka kwa kona kali hadi mtoni, kisha inapanda tena. Magari mengi yamepotelea hapo. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde hilo, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha yao. Tangu siku hiyo, na hata kabla yake, gari likikaribia Nithi abiria wananyamaza. Wengine hufumba macho wakaomba.

Je, watu hao wana ugonjwa wa wasiwasi? La hasha! Hofu yao inasema kweli. Hofu ya namna hii haihitaji kutulizwa bali inahitaji kutiiwa. Dawa yake ni kufunga mkanda, kukataa kuingia gari lililojaa kupita kiasi, na kumwambia dereva aende polepole. Kuna mama mmoja mzee niliyesafiri naye aliyemwambia dereva, "Kijana wangu, punguza mwendo, sisi tunataka kufika." Makanga alicheka, lakini gari lilipunguza mwendo. Yule mama hakuwa mwoga. Ndiye pekee kati yetu aliyefanya kile ambacho hofu ilikuwa ikitwambia sote.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kama hatari ipo kweli na ipo sasa, usipigane na hofu. Pambana na hatari. Msichana anayeogopa njia fulani jioni kwa sababu kuna mtu anayemsumbua hapo hapaswi kuambiwa "jikaze". Anapaswa kusindikizwa, na mtu huyo aripotiwe kwa mwalimu, kwa mzazi na kwa chifu.

2. WASIWASI WA MTIHANI

Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na nadhani wasiwasi wake ulianza siku hiyo hiyo. Kwa madarasa ya mwisho ya 8-4-4, likiwemo letu, kuna mnong'ono mwingine juu ya ule wa kawaida. Wanafunzi waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio imepangwa wafunge mlango wa KCSE mwaka 2027. Kwa hiyo utasikia watu wakisema kwenye njia ya kwenda nyumbani, "Ukianguka, utarudia na nani?"

Wasiwasi huu si mbaya wote. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kisanduku sahihi, na panya aliyekosea alipata mshtuko wa umeme. Waligundua kwamba kazi ilipokuwa ngumu, panya waliopewa mshtuko wa kiasi walijifunza vizuri kuliko waliopewa mshtuko mkali. Sisi si panya, lakini nafikiri kila mwanafunzi amewahi kuyaona haya. Asiye na wasiwasi hata kidogo hafungui kitabu. Mwenye wasiwasi uliozidi anafungua kitabu na haoni kilichoandikwa. Tunachotafuta ni ule wa katikati.

Njia za kuushusha ni hizi. Kwanza, fanya majaribio kwa saa kama ya mtihani wenyewe, kwa sababu mwili huogopa zaidi jambo ambalo haujalizoea. Pili, andika unachoogopa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, waliripoti kwamba wanafunzi wenye wasiwasi mwingi waliopewa dakika 10 za kuandika hofu zao kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko ambao hawakuandika. Ni kama kutua mzigo mlangoni kabla ya kuingia. Tatu, ukikwama ndani ya mtihani, weka kalamu chini, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, kisha itoe polepole kwa kuhesabu hadi 6. Fanya hivyo mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka nje hupunguza mbio za moyo, na kengele ikipungua akili hupata nafasi ya kukumbuka.

Nne, lala. Najua kwetu sisi wa shule za kutwa neno hili ni gumu. Mtu anafika nyumbani jua limezama, kuna maji ya kuteka, ng'ombe wa kukamua na mtoto wa kubembeleza, na kitabu kinafunguliwa wakati wengine wameanza kukoroma. Hata hivyo, usiku usiolala ni mkopo, na riba yake hulipwa ndani ya chumba cha mtihani. Afadhali nusu saa ya kusoma shuleni kabla ya kuondoka kuliko saa mbili za kusinzia juu ya kitabu.

3. HAYA MBELE YA WATU

Aina hii nadhani ndiyo inayowaumiza wengi katika chama chetu, na ndiyo isiyosemwa. Mtu anajua jibu lakini hainui mkono. Anajua kuandika Kiswahili safi, lakini akiitwa kusoma kwa sauti ulimi unakuwa mzito, na lafudhi ya Kimeru au Kiembu ikijitokeza darasa zima linacheka. Kesho yake ana maumivu ya kichwa. Wiki inayofuata ana maumivu ya tumbo. Mwisho anaanza kukosa shule siku zote za kipindi hicho, na mwalimu anaandika katika ripoti kwamba hana bidii.

Hapa mnong'ono unasema: "Watakucheka." Tena mara nyingine unasema kweli, maana wanacheka! Dawa yake basi ni tofauti na ile ya Nithi. Kule ulitakiwa kuitii hofu. Hapa ukiitii, inanenepa. Kila mara unapokimbia unapata nafuu kidogo, na nafuu hiyo inaufundisha mwili kwamba kukimbia ndiyo salama. Siku ya pili kengele inalia mapema zaidi.

Kinachosaidia ni kulikaribia jambo hilo hatua kwa hatua. Mwaka 1924 mtaalamu mmoja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika juu ya mtoto mdogo aliyeitwa Peter ambaye alikuwa akiogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Alimpa Peter chakula anachokipenda huku sungura amewekwa mbali ndani ya kizimba. Siku nyingine alimsogeza karibu kidogo, na siku nyingine karibu zaidi, hadi Peter akaweza kumgusa na kumchezea. Kwetu sungura ni mjanja wa hadithi, lakini mtoto yule alimwona kama simba. Kila mtu ana sungura wake.

Ukiogopa kusoma mbele ya darasa, anza kwa kujisomea peke yako kwa sauti. Ukizoea, msomee ndugu yako mdogo nyumbani. Kisha msomee rafiki mmoja, halafu kikundi cha watu wanne, na mwishowe darasa zima. Usiruke ngazi, na usihame ngazi kabla moyo haujatulia pale ulipo.

Nasi tunaosikiliza tuna sehemu yetu. Dawa ya mwenye haya iko nusu mkononi mwake, nusu mdomoni mwetu. Chama cha Kiswahili ambacho mtu akikosea ngeli anachekwa hadi anakaa chini, hicho kinafukuza wanachama wake. Asahihishwe, ndiyo, lakini amalize kwanza.

4. WASIWASI WA MAISHA

Huu ndio wahaka wenyewe, ule unaokaa na mtu siku nzima bila kuondoka. Hauna chui wala daraja. Una karo, mvua, bei na afya ya mzazi. Katika sehemu zetu una majina tunayoyajua. Mkulima wa chai wa Imenti au Runyenjes anaisubiri bonasi bila kujua itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Mkulima wa Mbeere anatazama mawingu ya Oktoba. Mkulima wa miraa wa Igembe aliona soko la Uingereza likifungwa mwaka 2014. Kisha soko la Somalia likafungwa mwezi wa Machi 2020, na halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Mwezi wa Mei 2024 kaunti kadhaa za Pwani zikapiga marufuku muguka, na mambo yakafika Mahakama Kuu ya Embu. Hizo ni habari za redioni, lakini ndani ya nyumba zilikuwa ni karo.

Mtoto husikia wazazi wakiongea usiku. Haambiwi kitu, lakini anasikia. Asubuhi anakuja shuleni akiwa amekaa darasani mwili tu, moyo uko nyumbani ukihesabu pesa ambazo hana.

Hapa wakubwa wetu husema, "Watoto wa siku hizi ni laini, sisi tulitembea bila viatu na hatukuwa na wasiwasi." Kwa heshima, nafikiri walikuwa nao, ila hawakuutaja. Nilimwuliza nyanya yangu kama yeye alikuwa akikosa usingizi alipokuwa akilea watoto wake. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nilikuwa naamka kuhesabu mbuzi usiku, na mbuzi walikuwa wawili." Nilicheka, naye akacheka, lakini nilielewa.

Wasiwasi wa maisha hauondoki kwa kuambiwa "usiwe na wasiwasi". Njia inayosaidia ni kuugawa. Chukua karatasi, uipige mstari katikati. Upande mmoja andika mambo unayoweza kuyafanyia kitu wiki hii, upande mwingine yale ambayo hayako mkononi mwako. Bei ya chai ni ya upande wa pili. Kujaza fomu ya basari kabla ya siku ya mwisho, kwenda na mzazi kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu kulipa kidogo kidogo, kuomba kitabu kwa mwenzako, hayo ni ya upande wa kwanza. Fanya moja leo. Yale ya upande wa pili yatengee wakati wake maalum, tuseme robo saa jioni, uyafikirie kisha uyafunge. Yakija saa ya Baiolojia yaambie, "Wakati wenu ni jioni."

Walimu wetu nao wakumbuke hivi: mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa karo akirejea baada ya siku nne, hajarejea na masomo ya siku nne. Amerejea na mnong'ono. Neno moja la upole siku hiyo lina thamani kuliko viboko vyote vilivyowahi kuchongwa.

5. MSHTUKO WA GHAFLA NA KIWEWE

Kuna nyakati ambapo kengele hulia yenyewe bila moto. Mtu amekaa vizuri, mara moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, anahisi anakosa hewa, na anaamini kabisa kwamba anakufa. Wenzake wanamzunguka, wengine wanamwaga maji, mwingine anasema ni mapepo. Huo huitwa mshtuko wa ghafla wa hofu. Aghalabu hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Unatisha sana, lakini wenyewe hauui.

Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, watawanye watu apate nafasi. Keti naye. Mwambie kwa sauti ya chini, "Niko hapa, itapita." Mhesabie pumzi polepole. Mwambie ataje vitu vitano anavyoviona, ili akili yake irudi pale alipo. Ikiwa ni mara ya kwanza, au ana maumivu makali ya kifua, au ana ugonjwa wa pumu au wa moyo, apelekwe hospitalini, kwa maana dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine, nasi si madaktari.

Kiwewe nacho ni kengele iliyobaki ikilia baada ya moto kuzimwa. Wahenga walinena kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyenusurika katika ajali, aliyeona nyumba ikiteketea, au aliyepigwa vibaya utotoni, huweza kuota jambo lile usiku, kushtuka kwa sauti ndogo, na kukwepa kila kinachomkumbusha. Akiendelea hivyo kwa zaidi ya mwezi mmoja, huyo anahitaji msaada wa mtaalamu. Kumwambia "sahau" hakumsaidii. Angeweza kusahau, angekuwa amesahau zamani.

DAWA ZA UONGO

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa wa Meru na Embu. Miraa inakuzwa Igembe na Tigania, na muguka Mbeere. Zao hili limesomesha watoto wengi, na sitaki kulitukana. Lakini mwanafunzi anayelitafuna ili kutuliza wasiwasi anamwaga petroli kwenye moto. Majani mabichi ya miraa yana kemikali iitwayo kathinoni. Kemikali hiyo huongeza mbio za moyo, hupandisha shinikizo la damu na hufukuza usingizi. Hebu linganisha na kazi ya adrenalini niliyoieleza pale mwanzoni. Ni kengele ile ile! Anayetafuna anahisi ushujaa kwa saa chache, kisha inapotoka mwilini anabaki na uchovu, hasira na huzuni, na wasiwasi wake unarudi umekuja na ndugu zake. Kahawa nyingi nayo hufanya hivyo kwa kiasi chake. Pombe huonekana kutuliza, lakini kesho yake deni linadaiwa.

Dawa nyingine ya uongo ni kusema amerogwa. Neno hilo humfanya mgonjwa amwogope jirani yake pia, na hapo ana hofu mbili badala ya moja. Mwenye imani aombe, na kuombewa huwapa wengi faraja ya kweli. Lakini maombi na hospitali havijawahi kugombana.

WAPI KWA KWENDA

Utajuaje kwamba wasiwasi umekuwa ugonjwa? Jiulize maswali matatu. Je, umedumu kwa wiki nyingi au miezi, karibu kila siku? Je, ni mkubwa kuliko jambo lenyewe? Je, umekunyima usingizi, chakula, masomo au marafiki? Ukijibu ndiyo, usijifiche. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi mwaka 2019, na kwamba kati ya kila wagonjwa wanne ni karibu mmoja tu anayepata matibabu. Hauko peke yako, ila wengi wamenyamaza kama wewe.

Msaada si lazima uanze kwa daktari mkubwa. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina nyanya kuketi kwenye benchi nje ya zahanati mjini Harare na kuwasikiliza wenye shida. Hawakuanza na majina ya kitaalamu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na nyanya hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa kwetu Kenya kuna mpango ulioanzishwa na vijana, akiwemo Tom Osborn, nao ukapewa jina la Kiswahili: Shamiri. Sisi wanachama wa chama hiki tunajua kwamba kushamiri ni kustawi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari nchini mwetu waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi waligawanywa makundi mawili. Wa kwanza walikutana na vijana waliomaliza sekondari, mara moja kwa wiki kwa wiki nne, wakazungumza juu ya jinsi mtu anavyoweza kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Wa pili walifundishwa mbinu za kusoma. Dalili za kundi la kwanza zilipungua zaidi. Angalieni: hapakuwa na sindano wala vidonge. Walikuwa ni vijana wakiongea na vijana kwa utaratibu.

Kwa hiyo anza na mtu mmoja. Mwambie mwalimu wa ushauri nasaha, "Mwalimu, naomba nafasi ya kuzungumza nawe." Sentensi hiyo haina aibu. Ikiwa huwezi kumwambia mtu unayemjua, simu ya watoto 116 haitozwi pesa. Ikizidi, nenda na mzazi kwenye hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu. Matibabu yapo. Yako ya kuzungumza, na yako ya vidonge ambavyo huandikwa na daktari tu.

Msomaji mwenzangu, kalamu yangu inachoka, lakini neno hili moja lishike. Usiseme tu "niko na stresi". Sema kama ni hofu, ujue hatari ya kuepuka. Sema kama ni haya, ujue ngazi ya kupanda. Kama ni wahaka, gawa karatasi yako. Kama ni kiwewe, tafuta mtu wa kukushika mkono. Na mwenzako akinyamaza kwenye dawati la nyuma siku tatu mfululizo, usimwite mvivu kabla hujamwuliza anaogopa nini.